Shingo ya Mzigo

Nianze na mabenchi, kwa sababu hasira yangu ilianzia kwenye mabenchi.

Mwaka niliomaliza shule ya serikali kule pwani nilirudi Morogoro, nikawekwa bomani kuwa karani wa kujaribiwa. Maana yake nilifanya kazi zote za karani lakini sikuwa karani. Kila asubuhi nilifika mapema mno, nikasimama barazani nikijiuliza kama kufika mapema hivyo kunaonyesha bidii au kunaonyesha woga, na kama ni woga, bwana mkubwa wa boma ameshauona au bado. Nilikuwa katika mawazo hayo nilipomwona sajini wa Kidachi, Mjerumani, akiamuru mabenchi yapangwe uwanjani. Akawaita wanaume wazima, mmoja wao mwenye mvi, akawalaza kifudifudi juu ya mbao, juani, akaanza kuwafundisha kuogelea.

Maji hayakuwa mbali. Ukinyamaza pale bomani ulisikia mto ukigonga mawe ukishuka kutoka milimani. Lakini yeye alifundishia juu ya mbao. Moja, mikono mbele. Mbili, mikono ifunguke pembeni. Tatu, miguu ijikunje na kusukuma kama ya chura. Kichwa juu, kidevu mbele, macho kwa sajini. Aliyechanganya mbili na tatu alichapwa fimbo ya nyayo. Na kwa kuwa Kiswahili cha sajini kilikuwa cha kuamuru tu, mimi niliyemaliza ujana wangu nikijifunza Kidachi niliitwa kusimama kando yake na kutafsiri namna chura anavyokunja magoti.

Kwenye benchi la mwisho alilala kaka yangu.

"Mwambie bwana wako mto wake umekauka," alisema kwa Kiluguru, kidevu mbele, bila kucheka.

"Anasemaje?" sajini aliniuliza.

"Anasema ameelewa, bwana."

Waliolala jirani walitikisika mbavu. Mimi sikucheka. Niliogopa kwamba huenda sajini anajua Kiluguru kidogo na ananitega. Nililifikiria jambo hilo mpaka jioni.

Sababu ya mabenchi ilikuwa Mto Ngerengere. Kila masika mto ule ulifura, ukakata njia ya kwenda Kilosa, misafara ikalala ng'ambo ikingoja, na lawama zikarudi bomani. Boma likaamua kuweka chelezo cha kuvushia watu na mizigo, kivutwe kwa kamba nene iliyofungwa ukingo hadi ukingo. Kamba ikikatika, na masika lazima ingekatika, angehitajika mtu wa kuogelea na kuipeleka tena ng'ambo. Kwa hiyo walitakiwa waogeleaji. Amri ilisema hivi: mvua zikikolea, wote waliojitolea wataingizwa mtoni mbele ya bwana mkubwa, na watano watakaotangulia kufika ng'ambo watakuwa watu wa chelezo. Watu wa chelezo hawatachukuliwa upagazi tena, wala hawatapelekwa kwenye mashamba ya pamba.

Hilo la mwisho ndilo lililomlaza kaka yangu kwenye benchi. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa na kuzikwa yeye akiwa safarini na mzigo wa watu wengine kichwani. Aliporudi alikuta kaburi limeshaota majani. Hakuwahi kulizungumza, lakini tangu hapo askari yeyote akionekana anapanda njia ya kwetu, kaka alikuwa wa kwanza kumwona. Sasa shemeji alikuwa mjamzito tena, na kaka alikuwa amesema neno moja tu: safari hii atakuwepo.

Ijumaa moja baada ya sala nilimfuata mpaka kwenye lindi la maji marefu lililo chini ya mashamba yetu, pale mto unapotulia kidogo baada ya kuanguka kwenye mawe. Nilitaka kumwona akiogelea. Alivua shuka, akajitupa. Kaka alikuwa na nguvu za ng'ombe dume, na alikwenda polepole kuliko mtu yeyote niliyemwona pwani. Alipiga maji, povu likaruka, akahema kwa sauti, akafika upande wa pili amekwisha.

"Umeonaje?" alinipigia kelele.

"Sijui bado."

"Miaka yote ile umesoma, hujui?"

"Rudia, kaka. Nataka kuona tena."

Alirudia, akinung'unika. Mimi mwenyewe siogelei vizuri. Kina cha maji kinanitisha. Lakini kule pwani nilikaa alasiri nyingi juu ya ukuta nikiwatazama vijana wa mjini wakishindana mpaka kwenye boya na kurudi. Hawakuwahi kunialika, na kutazama hakuhitaji mwaliko. Kwa hiyo najua kutazama. Nilichokiona kwa kaka ni shingo. Aliogelea shingo imesimama wima, kichwa hakitikisiki hata kidogo, macho mbele, sawasawa na mtu anayevuka na kikapu cha maharage juu ya ngata.

Ndivyo sisi watu wa milimani tulivyojifunza. Mtoto wa Uluguru hafundishwi kuogelea kwa mchezo. Anajifunza siku mto umejaa na ndizi hazina budi kufika sokoni. Mkono mmoja unashika mzigo, mwingine unapiga maji, na kosa pekee atakalogombezwa nyumbani ni kulowesha mzigo. Basi mwili unazoea. Hata siku hana kitu kichwani, shingo inaendelea kubeba. Nilipoligundua hilo nilifurahi kwa muda mfupi sana, kisha nikakumbuka mabenchi, na amri ya kidevu mbele, na damu ikanichemka. Yule mtu alikuwa amesafiri bahari nzima kuja kutufundisha kosa tulilokuwa nalo tayari.

"Kaka, una mzigo kichwani," nilisema.

Akajipapasa nywele. Wanawake waliokuwa wakifua upande wa chini wakaangua kicheko.

"Mdogo wako kachanganyikiwa na shule!" mmoja alisema.

Nilipanda shambani nikakata kipande cha mgomba uliokwisha kuzaa, nikakishusha kwenye lindi. Kikalala bapa juu ya maji. Nikamwambia akisukume, kikateleza mpaka upande wa pili. Kisha nikakiinua upande mmoja, ule mwingine ukazama, nikamwambia asukume tena. Hakikwenda popote, kililima maji kikasimama.

"Huu mgomba ni wewe," nilisema. "Kichwa kikiinuka, miguu inazama. Kila siku unausukuma mto mzima kwa tumbo."

Alikaa akiutazama mgomba. Kaka hakuwahi kwenda shule hata siku moja, na hakuwa mtu wa kuambiwa jambo mara mbili.

"Kwa hiyo niweke uso majini."

"Utazame mawe ya chini. Usitazame unakokwenda."

"Na pumzi nivutie wapi, kisogoni?"

Wanawake wakacheka tena. Huo ukawa ugomvi wetu wa kwanza. Alikuwa anaibana pumzi mpaka mishipa ya shingo inasimama, kisha anainua kichwa chote kuitafuta nyingine, miguu inazama, mambo yanaanza upya. Nilishinda siku mbili bomani nikilifikiria jambo hilo badala ya kazi. Mwishowe nikaona kwamba hakuwa na upungufu wa hewa ya kuvuta. Alikuwa hajaitoa ya zamani. Nikamwambia aitoe yote ndani ya maji, taratibu, kama anayepuliza uji wa moto, kisha ageuze uso ubavuni, mdomo uibe kidogo, urudi. Alimeza maji. Alikohoa. Alinitukana matusi ya Kiluguru ambayo hayana tafsiri, halafu akaongeza la Kiswahili kunikejeli mbele ya wafuaji:

"Msomi wa maji ya kunawa! Ingia wewe basi!"

Sikuingia. Nilisimama kwenye jiwe, nguo zimelowa mpaka magotini, nikamwambia rudia.

Katika wiki zile nami nilijifunza jambo. Mara ya kwanza nilimwambia yote kwa pamoja, shingo, pumzi, mikono, miguu, na kaka akasimama katikati ya lindi kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Tangu hapo nikawa nampa jambo moja tu kwa asubuhi. Leo pumzi, hata mikono ikienda ovyo, iache. Kesho mkono: usiukwangue mto, nyoosha kiganja mbali kama unaangua kitu, kishike hapo, halafu mwili ndio upite. Alipoanza kunyoosha, mapigo yakapungua na mwendo ukazidi, na hilo lilimshangaza, maana maisha yetu yote tuliamini anayepiga maji zaidi ndiye anayekwenda zaidi. Nilimkataza pia kuja jioni akitoka kulima. Mtu aliyechoka anaogelea kwa makosa yake ya zamani, na kila akirudia anayakaza. Aje alfajiri kabla ya jembe, aogelee kwa nguvu zote kutoka jiwe hadi jiwe, apumzike mpaka moyo utulie, ndipo arudie. Shemeji aliposikia hivyo hakusema mengi.

"Nitatangulia shambani mimi," alisema. "Tumbo halijanishinda. Nyinyi nendeni huko kwenye maji yenu."

Kuhusu miguu sikuwa na jibu. Alikunja magoti akakanyaga maji, na kila nilichomwambia hakikusaidia. Aliyelimaliza tatizo hilo ni yule mwanamke aliyesema nimechanganyikiwa. Alichoka kutuangalia.

"Wewe, baba! Miguu yako inatwanga. Njoo uone." Alishika kaniki yake kwa pembe moja, akaipeperusha majini. Tikiso lilianzia mkononi likatembea mpaka mwisho wa nguo, laini, bila kukatika. "Inaanzia huku juu. Goti linafuata tu. Wanaume hamfui, ndiyo maana hamjui."

Kaka alijaribu kutoka nyongani, vifundo vimelegea, na maji yakafunga nyuma yake bila povu. Wafuaji wakaacha kufua. Alipofika upande wa pili hakuwa akihema.

Lakini kila asubuhi nilichokijenga lindini, saa nne sajini alikibomoa uwanjani, na mimi ndiye niliyemtafsiria ubomoaji. Moja, mbili, tatu. Kidevu mbele. Siku moja nilijikaza. Nililiandaa tamko langu njia nzima ya kushuka mlimani, nikachagua maneno, nikayabadilisha, nikamwambia sajini kwa Kidachi safi kwamba, kwa heshima yote, bwana, kichwa kikilala majini mtu huenda mbio zaidi. Alinitazama kama benchi ndilo lililosema.

"Hawa ni wapagazi," alisema. "Mbio za nini? Wanahitaji utaratibu."

Aligeuka akaendelea kuhesabu. Nilirudi barazani. Nikayarudia mazungumzo yale kichwani, na kila mara nilikuwa na jibu zuri zaidi, na kila mara alikuwa ameshageuka.

Wiki ya mashindano, mvua ikiwa imeshashika milima yote, nilikuwa ofisini nikipanga karatasi. Bwana mkubwa alizungumza na sajini mbele yangu kama mtu anavyozungumza mbele ya kabati. Walijua kwamba nakijua Kidachi. Wao wenyewe ndio walionifundisha. Ila hakuna mtu anayelificha kabati siri. Alisema kwamba boma la kule Rufiji limeomba mwogeleaji mzuri wa kupitisha kamba, kwa kuwa waliyekuwa naye amechukuliwa na mamba. Basi atakayetangulia Ngerengere apelekwe huko. Watakaofuata wabaki kwenye chelezo.

"Je, hawajaambiwa?" sajini aliuliza.

"Waambiwe ili iweje?"

Nilimaliza kupanga karatasi. Nilizipanga vizuri kabisa. Kisha nikapanda mlima kwa mbio, nikaanguka mara kadhaa kwenye utelezi, nikamkuta kaka akiezeka upya pembe ya nyumba iliyokuwa ikivuja juu ya kitanda cha shemeji. Nikamweleza.

"Chukua nafasi ya pili," nilisema. "Au ya tatu. Ya tatu ni salama zaidi, kwa sababu wa kwanza akiugua watamchukua wa pili. Ila usiwe wa tano, maana mmoja akikupita ghafla umekosa yote, unarudi kwenye pamba. Ya nne labda, lakini..."

"Hebu nyamaza kidogo."

Akashuka kwenye ngazi.

"Umenitesa alfajiri zote hizi ili nitangulie. Leo unaniambia nichelewe."

"Uchelewe kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani? Kalete mgomba unionyeshe."

Shemeji ndani ya nyumba alicheka, kisha kicheko kikakatika, na tukamsikia akijifuta pua. Kaka alitazama mlango. Akasema sawa, atakuwa wa tatu.

Lakini kesho yake, juu ya mabenchi yale yale, akawaambia wenzake wote. Sajini alikuwa ameingia kivulini kunywa maji. Kaka alilala kifudifudi na kuwanong'oneza mmoja mmoja. Nilimvuta pembeni walipoachiwa. Nilikuwa nimejaa hasira.

"Kwa nini? Kaka, kwa nini? Sasa wote watachelewa! Ukichelewa nao wakachelewa, utakuwaje wa tatu? Nani atakuwa wa kwanza?"

"Sijui."

"Nilikuambia wewe peke yako!"

"Nimelala nao benchi moja. Yule mzee wa Mikese amenigawia muhogo wake kila siku." Alikuwa akimsema yule mwenye mvi. "Nimwache aende kuliwa na mamba, eti kwa kuwa yeye hana mdogo wake bomani?"

Nilirudi barazani, nikamwacha pale.

Siku ya mashindano Ngerengere ulikuwa na rangi ya ugoro, umejaa magogo madogo na povu. Watu walisimama kingo zote mbili. Bwana mkubwa aliketi kwenye kiti, askari akamshikia mwavuli. Mimi nilisimama nyuma ya sajini kama kawaida. Filimbi ikalia, wote wakaingia kwa mpigo mmoja.

Sijawahi kuona kitu kama kile tena. Waliogelea kama chura, kwa utaratibu wote wa mabenchi, videvu mbele, na kila mmoja akimwangalia jirani yake asije akawa nyuma yake. Akijikuta ametangulia, alipunguza. Walipofika katikati walikuwa wamejipanga mstari mmoja.

"Pita, mkubwa wangu," mmoja alisema.

"Aa, siwezi kukupita wewe. Tangulia."

"Mimi mbavu zinaniuma. Wewe ndiye kijana."

"Karibu, baba, karibu, njia ni yako!"

Watu wa kingoni walidhani ni mchezo uliopangwa, wakacheka mpaka wakakaa chini. Sajini alipiga kelele za moja, mbili, tatu, uso umeiva. Bwana mkubwa aliinuka kutoka kwenye kiti chake akasema kwa sauti ya chini kwamba wasipomaliza hivi sasa, kila mmoja atapata hamsa-ishirini, viboko ishirini na vitano, na mimi nitafsiri. Nilitafsiri. Nilipiga kelele kwa sauti yangu yote, lakini mto uliimeza, na hapo ndipo nilipoona kwamba mto haukuwa ukishiriki ule utani. Watu wanaoogelea polepole kwenye maji ya mbio hawasimami, wanapelekwa. Mstari wote ulikuwa umeshuka chini mbali, ukielekea kwenye mti mkubwa ulioanguka na kuziba nusu ya mto kwa matawi yake.

Mzee wa Mikese ndiye aliyekuwa karibu zaidi na matawi. Aliyaona, akaanza kupiga miguu kwa nguvu, na mara nikamwona anakunja uso na kushika paja. Msuli ulikuwa umekaza. Akaingia chini, akatoka, akaingia tena.

Kaka alilaza uso majini.

Nataka kulisema hili kwa usahihi, maana ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushiriki, na sijui nikiweke wapi. Alikwenda kama kitu kilichoachiwa. Mkono mrefu, kiganja kinashika, mwili unapita. Hakukuwa na povu. Mdomo uliiba hewa ubavuni, ukarudi. Vicheko kingoni vilikatika. Mwanamke mmoja nyuma yangu alisema, "Yule ni mtu?" na mimi, Mungu anisamehe, kwa sekunde moja nilisahau Rufiji, nikamsahau shemeji, nikaangalia miguu tu, kama inaanzia nyongani. Ilianzia nyongani.

Alimfikia mzee kwenye matawi ya kwanza, akamshika kwapani, akamgeuza chali. Ukingo wa huku ulikuwa mbali na maji yalisukuma kwenda kule. Alikwenda kule. Alitoka majini ng'ambo akiwa amembeba mzee begani, akamweka kwenye matope, akampiga mgongoni mpaka akatapika. Wengine walikuwa bado mtoni. Walipoona hivyo waliacha adabu zao zote, wakaogelea kwa kasi kutafuta nafasi zilizobaki.

Bwana mkubwa alipiga makofi kwa glavu. "Yule," alisema.

Sikujiandaa safari hii. Niliruka mbele ya kiti chake na maneno yakatoka yenyewe. Nilisema hakushinda, bwana, hakuwa akishindana, alikwenda kumwokoa mtu, kila mtu ameona, haiwezi kuhesabiwa. Nilisema mkewe anakaribia kujifungua. Nilisema ni kaka yangu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na adabu.

"Unasema alifika wa kwanza akiwa amebeba mtu?"

"Ndiyo, bwana."

"Basi ni bora zaidi ya nilivyofikiri."

Sajini akawapanga wengine kwa namna walivyofika. Na kwa kuwa utaratibu ni utaratibu, wa pili kufika ng'ambo alikuwa mzee wa Mikese, aliyefika juu ya bega la mtu. Akaandikwa kwenye chelezo. Jioni ile sajini alinipa mkono, mara ya kwanza na ya mwisho. Alisema mabenchi yamezaa matunda. Niliupokea mkono wake. Bado najiuliza kwa nini niliupokea.

Walimchukua kaka siku iliyofuata. Hawakumfunga kamba, walimpa shuka jipya na kuiita heshima. Shemeji alimfungia ndizi za kuchoma na chumvi. Mzee wa Mikese alikuja pia, anachechemea, akataka kumshika kaka miguu, kaka akamwinua.

"Usinune," kaka aliniambia mimi. "Ungenifundisha vibaya, mzee wa watu angekufa."

"Bora angekufa."

"Unasema hivyo kwa hasira."

"Nasema hivyo kwa sababu ungebaki."

Alinisogelea. Nilidhani atanipiga, na ningefurahi. Akasema tu, "Mwangalie shemeji yako," kisha akamgeukia mkewe, akaweka kiganja kwenye tumbo lake, wakazungumza kwa sauti ambayo haikuwa yangu kuisikia. Askari akakohoa. Wakashuka.

Sasa mimi ni karani kamili. Walinithibitisha mwezi ule ule, na sijui kama ni kwa sababu ya kazi yangu au ni kwa sababu ya kaka yangu, na siwezi kumuuliza mtu. Kila msafara ukitoka upande wa Rufiji nawauliza wapagazi. Wengine wanasema yupo, wamemwona na kamba kiunoni, watu wa kule wanamwita samaki. Wengine hawajamsikia. Mmoja alisema ameshaondoka huko, lakini hakujua kwenda wapi, na alipoona uso wangu akaanza kusema labda ni mtu mwingine.

Mtoto alizaliwa mwisho wa masika, mzima, wa kiume. Mzee wa Mikese huja siku asizovusha, analima shamba la kaka kuanzia juu hadi chini, haombi hata maji. Kwa muda mrefu sikuitikia salamu yake. Nilijua si kosa lake. Nilijua ni kosa la nani. Lakini yeye ndiye aliyekuwa karibu. Siku moja shemeji alinigombeza mbele yake, nikamwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba huku anaendelea kulima.

Juzi nilipanda nikamkuta shemeji akimwogesha mtoto kwenye beseni uani. Mtoto aliteleza, uso ukaingia majini, akatoka akipuliza mapovu na kucheka. Shemeji alimnyanyua haraka, akamkumbatia kifuani akiwa amelowa, akanitazama.

"Huyu usimfundishe," alisema.

"Sitamfundisha, shemeji."

Aliendelea kumkausha. Mimi nikakaa kwenye kizingiti, nikafikiria kama nimesema kweli, na nikaona sijasema kweli, na kwamba nikinyamaza nitakuwa nimemdanganya mtu ambaye ameshadanganywa vya kutosha.

"Nitamfundisha," nilisema. "Akikua. Lakini kule juu kabisa kwenye mawe, mahali ambapo hakuna mtu wa boma wa kukaa ukingoni."

"Na wewe ni mtu wa nani?" aliniuliza.

Aliingia na mtoto ndani. Nilibaki pale uani na beseni, maji yake bado yanacheza.